Jina la biashara, ubia au kampuni: ni ipi inayokudai maelezo mengi zaidi ya umiliki nchini Uganda?

Mwenye duka la nafaka Kisenyi au karakana ya kuchomelea vyuma Busia, anapofikiria kusajili kazi yake, kwa kawaida huuliza mambo mawili: ada ni kiasi gani, na cheti kitatoka baada ya siku ngapi. Swali la tatu, ambalo kwa sasa lina uzito kuliko hayo mawili, huliacha mpaka benki au ofisi ya zabuni imuulize: ni nani hasa mwenye biashara hii? Mwaka 2022 Bunge la Uganda lilirekebisha Sheria ya Makampuni na Sheria ya Ubia, na mwaka 2023 zikafuata kanuni zinazozitaka kampuni na ubia kutunza rejista ya wamiliki manufaa na kuwasilisha maelezo yao kwa Msajili, katika ofisi ya huduma za usajili ambayo wengi wetu tunaijua kwa herufi zake tu, URSB.

Mmiliki manufaa ni binadamu, si kampuni, ambaye mwisho wa yote biashara ni yake au iko chini ya amri yake, hata kama jina lake halimo katika karatasi yoyote ya usajili. Mwanahisa aliyeandikwa na mmiliki manufaa wanaweza kuwa mtu mmoja, na katika biashara ndogo mara nyingi huwa hivyo. Taabu huanza pale wanapokuwa watu wawili tofauti, na ulinganisho huu umeandikwa zaidi kwa ajili ya wasomaji wa namna hiyo, ambao si wachache kama inavyodhaniwa.

Sharti hili halikuzuka tu. Mwezi Februari 2020 Uganda iliingizwa katika orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia mapambano dhidi ya utakatishaji wa fedha, na miongoni mwa kasoro zilizotajwa ni kwamba mamlaka hazikuwa na njia ya kujua kwa uhakika nani yuko nyuma ya kampuni zilizosajiliwa. Nchi ilitolewa katika orodha hiyo Februari 2024. Kutoka orodhani hakukufuta wajibu uliowekwa njiani, kwa hiyo mtu anayesema kuwa jambo hili limeshapita anachanganya habari za nchi na habari za faili lake mwenyewe.

Jina la biashara

Hii ndiyo njia nyepesi, na wepesi wake una sababu. Usajili wa majina ya biashara, ambao sheria yake tumeirithi kutoka zama za ukoloni, ni wenyewe namna ya kufichua umiliki: anayefanya biashara kwa jina lisilo lake aseme yeye ni nani. Ndiyo maana anayeuza vitenge kwa jina lake halisi, bila nyongeza yoyote, hadaiwi kulisajili, ilhali anayeandika juu ya mlango maneno kama «Neema Hardware» anatakiwa aeleze jina lake, uraia wake, makazi yake, aina ya biashara na mahali inapofanyika. Kwa kuwa jina la biashara halizai mtu mwingine wa kisheria, yaani chombo kinachomiliki mali na kudaiwa kwa jina lake chenyewe, hakuna pazia la kufunua, na kwa sababu hiyo fomu ya wamiliki manufaa inayozihusu kampuni haimhusu mwenye jina la biashara anayefanya kazi peke yake.

Gharama ya wepesi huo inajulikana. Deni la duka ni deni lako, na mdai akishinda kesi anaweza kuifikia nyumba yako na shamba lako. Hilo limekwisha kuandikwa sana, na sitalirefusha.

Lisiloandikwa vya kutosha ni mtego wa jina la biashara lenye watu wawili ndani yake. Tuchukue mwenye duka la simu Ntinda ambaye mtaji wake nusu umetoka kwa kaka yake, na kila mwezi wanagawana faida. Cheti kina jina la mdogo peke yake. Mbele ya sheria, watu wanaoendesha biashara kwa pamoja kwa lengo la kupata faida ni wabia, wawe wameandika mkataba au hawakuandika, na kugawana faida ni miongoni mwa dalili za kwanza ambazo mahakama huzitazama. Kwa hiyo aliyechagua jina la biashara ili akwepe makaratasi anaweza kujikuta ndani ya ubia asioujua, pamoja na wajibu wote wa ubia, bila hata moja ya faida zake. Kama fedha ya kaka ni mkopo, iandikwe kuwa ni mkopo, yenye kiasi na tarehe ya kulipwa. Kama ni mtaji, basi huyo ni mbia, na njia ya jina la biashara la mtu mmoja haiwafai tena.

Ubia

Sheria ya Ubia ya mwaka 2010 inaruhusu watu wawili hadi ishirini kushirikiana, na wataalamu kama mawakili na wahasibu hadi hamsini. Kabla ya marekebisho ya 2022, wabia walisajili jina la biashara yao, wakaweka mkataba wao mahali salama, na mambo yakaishia hapo. Sasa ubia nao unapaswa kutunza rejista ya wamiliki manufaa na kumpelekea Msajili maelezo yao, kama kampuni inavyofanya.

Ukiweka ubia wa kawaida kando ya kampuni, utaona kwamba kwa upande wa kufichua umiliki tofauti kati yao imepungua sana, ilhali kwa upande wa dhima iko palepale: mbia anawajibika kwa madeni ya ubia kwa mali yake binafsi, hata deni lililoingizwa na mwenzake bila yeye kujua. Kwa maoni yangu ubia wa kawaida ndio uliopoteza zaidi katika mabadiliko haya, kwa sababu umeongezewa mzigo wa kampuni bila kupewa kinga ya kampuni, ile inayotenganisha mali ya mwanahisa na madeni ya kampuni. Zamani mtu aliweza kutetea ubia kwa kusema hauna makaratasi mengi. Hoja hiyo sasa imekwisha nguvu.

Sheria hiyohiyo inatambua ubia wenye dhima yenye kikomo, na kwa ofisi za wataalamu bado ni njia ya kufikiriwa. Kwa wauza mchele wawili wa Mbale, sioni sababu ya kupitia huko.

Kampuni

Hapa ndipo penye maelezo mengi zaidi, na ni vizuri kuyatazama kwa matabaka, kwa kuwa watu wengi huyachanganya. Tabaka la kwanza ni wanahisa, walioandikwa katika katiba ya kampuni na hisa zao. La pili ni wakurugenzi, na katibu pale alipo, ambao maelezo yao hupelekwa kwa ile fomu ambayo kila mtu mjini huiita Fomu 20. La tatu ni anwani ya ofisi iliyosajiliwa. La nne, lililokuja na marekebisho ya 2022, ni wamiliki manufaa: majina kamili, namba ya kitambulisho cha taifa au ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa, makazi, simu na baruapepe, kazi, na aina ya umiliki au mamlaka waliyonayo juu ya kampuni. Fomu zenyewe ni za Kiingereza. Anayesaidiwa na mtu mwingine kuzijaza ahakikishe amesomewa tabaka hilo la nne kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi, kwa maana tamko ni lake, si la karani.

Kampuni ya mtu mmoja imekuwepo kisheria tangu Sheria ya Makampuni ya 2012 ilipoanza kutumika, tarehe 1 Julai 2013. Kwa anayemiliki kila kitu peke yake, tamko la umiliki manufaa ni jepesi kuliko linavyotisha: mwanahisa, mkurugenzi na mmiliki manufaa ni mtu yuleyule, na maelezo ni yaleyale. Asifikiri tu kwamba kwa kuwa jina lake limo tayari katika tabaka la wanahisa, tabaka la nne limejijaza. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba sheria inamtaka mwanachama pekee ataje watu wawili, mteule na wa akiba yake, ambao watashika shughuli za kampuni iwapo yeye atafariki. Hao si wamiliki manufaa, kwa kuwa hawamiliki kitu wala hawaamui kitu akiwa hai. Kuwaandika katika rejista ya wamiliki kwa kudhani kuwa ni heshima ni kosa linalozaa ugomvi msibani.

Taabu kubwa zaidi iko katika kampuni za zamani. Sheria iliyotangulia ilitaka kampuni binafsi iwe na wanachama wasiopungua wawili, na mfanyabiashara aliyekuwa peke yake alilazimika kutafuta wa pili wa kukamilisha hesabu. Akaandikwa mke, au shemeji, au mtoto aliyekuwa bado shule ya msingi, akapewa hisa moja au kumi ambazo hakuzilipia wala hakuwahi kuulizwa neno kuzihusu. Mimi mwenyewe nimekaa na faili la kampuni ya familia ambayo mmoja wa wanahisa wake alikuwa binamu aliyekubali kutia sahihi kwa ajili ya soda na nauli, na miaka zaidi ya kumi baadaye ilitubidi tumtafute ili aseme hisa ni za nani. Alikuwa amesahau kabisa kuwa ana kampuni.

Kampuni ya namna hiyo ikijaza fomu ya wamiliki manufaa ina njia mbili za ukweli. Ya kwanza ni kuacha hisa katika jina la binamu na kutamka kwamba anayefaidika nazo na kuziamulia ni fulani. Ya pili ni kuhamisha hisa rasmi kwa mwenyewe, kulipa ushuru wa stempu unaohusika, na kuibadilisha kampuni iwe ya mtu mmoja. Ya kwanza ni ya haraka, lakini inaacha karatasi mbili zinazosema mambo mawili, na siku binamu atakapofariki warithi wake watashika ile inayowapendeza. Ningechagua ya pili hata kama inagharimu zaidi. Njia ya tatu, ambayo ndiyo hutumiwa mara nyingi, ni kumwandika binamu kama mmiliki manufaa kwa sababu tu yumo kwenye orodha ya wanahisa. Huo ni uongo ulioandikwa kwa uvivu, na unaweza kumgeukia mwenye mali, kwa kuwa ameweka tamko lake mwenyewe mbele ya Msajili kwamba sehemu ya kampuni ni ya mtu mwingine.

Hali inayofanana na hiyo ni ya fedha ya ughaibuni. Dada aliyeko Dubai au Boston anatuma mtaji, na kaka aliyeko Mukono anasajili kampuni kwa jina lake kwa sababu yeye ndiye aliye karibu. Kama mafaili yakisema kaka ndiye mwenye kila kitu, mafaili hayo hayamlindi dada hata kidogo. Ukimwandika kuwa mmiliki manufaa, ambalo ndilo jambo sahihi, utahitaji pasipoti yake, anwani yake na ridhaa yake, na hayo ni rahisi kuyapata sasa kuliko baada ya familia kukosana.

Kisha kuna umiliki wa kupitia kampuni nyingine. Kampuni ya usafirishaji Jinja ina wanahisa wawili: mtu mwenye asilimia 60, na kampuni nyingine yenye asilimia 40. Kampuni hiyo ya pili ni ya ndugu wawili, nusu kwa nusu. Katika rejista ya wamiliki manufaa haitoshi kuandika jina la kampuni ya pili, kwa kuwa mmiliki manufaa lazima awe mtu. Kila ndugu ana nusu ya 40, yaani asilimia 20 ya kampuni ya usafirishaji, na wote wawili huandikwa pamoja na maelezo ya njia ambayo umiliki wao umepitia. Wala hesabu ya hisa si kipimo pekee. Mzee asiye na hisa hata moja, lakini ambaye bila neno lake hakuna mkurugenzi anayeteuliwa wala hundi inayoandikwa, ana mamlaka juu ya kampuni, na mamlaka nayo ni sehemu ya tafsiri ya sheria. Ndiyo maana nawashauri watu wasianze na asilimia. Waanze kwa kuuliza nani hula faida na nani ana neno la mwisho.

Baada ya cheti kutoka

Wengi hulinganisha njia hizi kwa siku ya usajili tu, na hapo hukosea, kwa kuwa tofauti kubwa iko katika miaka inayofuata. Mwenye jina la biashara anatakiwa kumjulisha Msajili maelezo yake yakibadilika, na kwa mtu mmoja mabadiliko ni machache: amehama, au ameongeza aina ya biashara. Ubia hubadilika kila mbia anapoingia au kutoka. Kampuni ina kazi mbili zinazokwenda sambamba. Kila mwaka inapaswa kupeleka taarifa ya mwaka, ndani ya siku 42 baada ya mkutano mkuu, na kila umiliki wa mwisho unapobadilika inapaswa kusahihisha rejista ya wamiliki manufaa na kumjulisha Msajili bila kungoja taarifa hiyo ya mwaka. Hisa zikiuzwa, mwanahisa akifariki, mkopeshaji akipewa haki ya kuteua wakurugenzi mpaka deni liishe, yote hayo yanaweza kubadilisha orodha.

Sheria za Uganda hukadiria faini kwa pointi za sarafu, na pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo anayesoma kifungu cha adhabu na kuona namba ndogo asifurahi kabla ya kuzidisha. Zaidi ya faini kuna adhabu isiyoandikwa, ambayo kwa uzoefu wangu ndiyo huuma zaidi. Benki, zikiwa chini ya sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha ya mwaka 2013, zinapaswa kumjua mmiliki manufaa wa mteja wao, na ombi la mkopo la kampuni ambayo rejista yake haijakaa sawa linaweza kulala mezani wakati mwenzako mwenye jina la biashara tu ameshachukua mzigo katika maduka ya jumla ya Kikuubo, Kampala.

Tahadhari kwa anayesoma miongozo ya nchi nyingine

Anayetafuta habari hizi katika intaneti atakutana zaidi na maandishi ya Marekani, na mengi yamepitwa na wakati. Huko sharti la kutoa taarifa za wamiliki kwa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani kinachofuatilia uhalifu wa fedha, lilianza tarehe 1 Januari 2024, likimlenga mwenye angalau asilimia 25 au mwenye mamlaka makubwa katika kampuni, kisha Machi 2025 kampuni zilizoanzishwa ndani ya Marekani zikaondolewa katika wajibu huo, ukabaki kwa kampuni za kigeni zilizosajiliwa kufanya biashara huko. Kijana wa Kampala aliyefungua kampuni Delaware ili kupokea malipo ya wateja wa nje anaguswa na habari hiyo. Mwenye kampuni iliyosajiliwa Uganda haguswi, na wala ile asilimia 25 asiitumie kujiondoa katika rejista ya hapa.

Kwa wafanyabiashara wa Busia na Malaba, jirani wa karibu zaidi ni Kenya, ambako kipimo cha hisa ni asilimia 10, pamoja na haki za kura, uteuzi wa wakurugenzi, au ushawishi mkubwa. Mwenye kampuni mbili, moja kila upande wa mpaka, ana wajibu mara mbili, na tamko la upande mmoja halitoshelezi upande wa pili. Jambo la hekima ni matamko hayo mawili yafanane, kwa kuwa benki za pande zote mbili zinasoma.

Nani achague nini

Anayemiliki peke yake, asiye na deni kubwa wala zabuni anayoiwinda, na ambaye shughuli yake haina hatari ya kumdhuru mtu, abaki na jina la biashara. Kusajili kampuni kwa ajili ya fahari ya neno «Limited» ni kununua taarifa za kila mwaka ambazo hatazipeleka, na Msajili ana mamlaka ya kuifuta kampuni iliyolala.

Anayemiliki peke yake lakini anakopesha, anasafirisha mizigo ya watu, anajenga nyumba, au anataka kuuza huduma kwa serikali, achukue kampuni ya mtu mmoja. Tamko lake la umiliki manufaa ni la mtu mmoja, na kinga anayoipata ina thamani kuliko kazi ya kulijaza. Ajue tu kwamba kinga hiyo si ukuta wa mawe, kwa kuwa Mahakama Kuu inaweza kuifunua kampuni iliyotumika kwa ulaghai au kukwepa kodi na kumfikia aliye nyuma yake.

Wawili au watatu waliochanga fedha waende moja kwa moja kwenye kampuni, wala wasipumzike kwenye ubia. Kila mmoja aandikwe kwa kadiri ya alichoweka, hata aliyeweka kidogo. Mara nyingi ugomvi huja na yule aliyeambiwa «wewe usiandikwe, tunakujua».

Na aliye tayari katika kampuni ya zamani yenye mwanahisa wa kukamilisha hesabu, asikimbilie fomu. Kwanza amtafute mtu huyo akiwa hai na wakiwa bado wanasalimiana, wakae na karatasi ya kuhamisha hisa mbele yao, aitie sahihi, ushuru ulipwe, ndipo rejista ya wamiliki manufaa iandikwe kwa jina moja.